Kuwa mhasibu wa mishahara Lubumbashi: anza na karatasi moja, kalamu na kikokotoo

Lubumbashi haina upungufu wa vijana wenye diploma ya commerciale et gestion. Wanazunguka mjini na bahasha za CV, na karibu kila CV imeandikwa Sage na Excel kwa herufi kubwa. Anayetafutwa na asiyepatikana kwa urahisi ni yule anayeweza kuketi mbele ya mfanyakazi mwenye hasira siku ya malipo, akamweleza mstari kwa mstari pesa yake imefikaje pale ilipofika. Mtu huyo hakosi kazi katika mji huu wa migodi, wa malori ya mpaka wa Kasumbalesa, wa shule, kliniki na kampuni ndogo zinazohudumia kampuni kubwa za madini.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayeanza, awe ametoka shuleni mwaka huu au awe amefanya kazi nyingine na sasa anataka kugeukia uhasibu. Msimamo wangu ni mmoja: jifunze kutengeneza karatasi moja ya mshahara kwa mkono, uijue mpaka mwisho wake, kabla hujagusa programu yoyote. Ukiiweza hiyo, mambo mengine yote ya uhasibu utayakuta yamefungamana nayo.

Hatua ya 1: Ijue kazi kabla ya kuilipia masomo

Mhasibu hufuata pesa zote za kampuni: zilizoingia, zilizotoka, tunazodai, tunazodaiwa. Mtu wa mishahara hufuata watu: nani alikuja kazini, nani alilazwa, nani amepata mtoto, nani alichukua avansi katikati ya mwezi. Katika kampuni kubwa ya madini hizo ni ofisi mbili. Ya wafanyakazi inatayarisha orodha ya mishahara, ya hesabu inaiandika na kulipa. Katika karakana ya Kampemba au ghala la Ruashi kazi zote mbili ni za mtu mmoja, ambaye mara nyingi ndiye pia anayeenda benki na kwenye kodi.

Kama hupendi kuulizwa maswali na watu, chagua hesabu za wateja au za stoo. Mishahara ni kazi ya kuulizwa kila siku.

Hatua ya 2: Chagua shule kulingana na mfuko na muda wako

Njia iliyonyooka ni kumaliza humanités (sekondari) katika option ya Commerciale et Gestion, kufaulu Examen d'État, kisha kuingia Institut Supérieur de Commerce (ISC) ya hapa Lubumbashi au kitivo cha uchumi na usimamizi cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilichoanzishwa 1955. Katika mfumo wa LMD (licence, master, doctorat) licence ni miaka 3, na master ni miaka 2 juu yake.

Si kila mtu ana miaka hiyo. Ukiwa na D6 (diploma ya Examen d'État) mkononi na familia inakutegemea, nenda kaulize INPP. Taasisi hiyo ya mafunzo ya ufundi ilianzishwa 1964, ina kituo chake mjini, na mafunzo yake ni mafupi na ya vitendo. Unasoma kwa miezi, unatafuta staji (mafunzo ya vitendo kazini), na ukianza kupata chochote unarudi shule ya juu.

Vituo vya watu binafsi ni vingi, na ubora wao haufanani hata kidogo. Kabla ya kulipa, omba kuona daftari la mwanafunzi aliyemaliza. Ukikuta mazoezi ya kuandika hesabu kwa mkono, jarida (kila tukio la pesa kwa tarehe yake), daftari kuu (kila akaunti peke yake) na urari (jumla za akaunti zote), kaa hapo. Ukikuta picha za skrini tu, yaani bonyeza hapa kisha pale, pesa yako itaenda bure, maana programu ikibadilika utabaki hujui kitu.

Hatua ya 3: Kariri mpango wa hesabu wa OHADA

Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, mwaka 2012, na uhasibu wetu unafuata SYSCOHADA, mfumo wa hesabu wa umoja huo. Sheria yake iliyofanyiwa marekebisho ilipitishwa tarehe 26 Januari 2017 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2018. Kwa hiyo ukipewa kitabu cha zamani kinachofundisha mpango wa hesabu wa Kongo wa 1976, kiheshimu kama historia na utafute kingine. Faida ya OHADA ni kwamba nchi 17 zinatumia mpango uleule: unachojifunza Lubumbashi kinasomeka Brazzaville, Abidjan na Cotonou.

Namba za madarasa zikae kichwani kama majina ya ndugu zako. Darasa la 1 ni mtaji na mikopo ya muda mrefu. La 2 ni mali za kudumu, yaani majengo, mashine na magari. La 3 ni stoo. La 4 ni watu wengine: wateja, wauzaji, wafanyakazi, Serikali. La 5 ni benki na kasha. La 6 ni gharama, la 7 mapato, la 8 mambo yasiyo ya shughuli za kawaida.

Kwa mtu wa mishahara, darasa la 4 na la 6 ndizo nyumbani kwake. Jifunze hizi mapema: 421 avansi za wafanyakazi, 422 mishahara inayodaiwa, 431 hifadhi ya jamii, 447 kodi zilizokatwa kwa niaba ya Serikali, 661 mishahara, 663 posho, 664 michango ya mwajiri.

Hatua ya 4: Tengeneza karatasi moja ya mshahara kwa mkono

Hapa usikimbie. Chukua mfanyakazi mmoja wa kubuni, fundi wa kulehemu katika kampuni yenye watu 30. Mshahara wake wa msingi ni 800,000 FC (faranga za Kongo) kwa mwezi. Posho ya nyumba ni 240,000 FC. Usafiri ni 3,000 FC kwa siku, na amefanya kazi siku 26, basi ni 78,000 FC. Ana mke na watoto 2.

Kwanza jumlisha kila anachopata: 800,000 na 240,000 na 78,000, inakuwa 1,118,000 FC.

Sasa swali ambalo wanafunzi wengi hulikosea: tunakata mchango wa CNSS (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) juu ya kiasi gani? Si juu ya 1,118,000. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Kazi, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa Julai 2016, kinasema wazi kwamba posho ya nyumba, posho ya usafiri, matibabu na posho za familia za kisheria si sehemu ya mshahara. Tunabaki na 800,000. Ukikata juu ya jumla yote, umemwibia fundi bila kukusudia. Kwa upande mwingine kuna mapatroni wanaojaza posho na kupunguza mshahara wa msingi ili wachangie kidogo, halafu fundi akizeeka pensheni yake inakuwa ya kusikitisha. Uwe na macho kwa yote mawili.

Mchango wa mfanyakazi kwa CNSS ni 5%. Basi 800,000 mara 5% ni 40,000 FC.

Toa hiyo: 800,000 kasoro 40,000 ni 760,000 FC. Hicho ndicho kinachotozwa kodi ya mshahara. Kwa zoezi hili tumia jedwali la IPR, yaani kodi hiyo ya mshahara, la ngazi nne ambalo watu wa mishahara hapa wamelizoea: kwa mwezi, 3% mpaka 162,000 FC, 15% kutoka hapo mpaka 1,800,000, 30% mpaka 3,600,000, na 40% kwa kinachozidi. Siku utakapolipa watu halisi, chukua jedwali la mwaka huo huko DGI (ofisi ya kodi ya Serikali), kwa sababu sheria za fedha hubadilisha mambo na orodha ya mishahara haitakiwi kufanywa kwa mazoea.

Ngazi ya kwanza: 162,000 mara 3% ni 4,860. Kinachobaki, 598,000, mara 15% ni 89,700. Jumla 94,560. Jedwali hilo linampunguzia mtu 2% ya kodi kwa kila anayemtegemea, na huyu ana 3, kwa hiyo 6%, ambayo ni 5,674 ukikamilisha. Kodi inabaki 88,886 FC.

Anachopokea ni 1,118,000 kasoro 40,000 kasoro 88,886, yaani 989,114 FC. Kama alichukua avansi ya 100,000 tarehe 15, mkononi atapata 889,114, na avansi iandikwe kwenye mstari wake wenyewe, isifichwe ndani ya makato mengine.

Bado hujamaliza. Upande wa mwajiri kuna CNSS ya 13% juu ya ile 800,000: 5% ya pensheni ni 40,000, 6.5% ya posho za familia ni 52,000, 1.5% ya ajali na magonjwa ya kazini ni 12,000. Jumla 104,000. Kuna mchango wa INPP, ambao kwa kampuni binafsi yenye watu wasiozidi 50 ni 3%, yaani 24,000 hapa; kampuni ya watu 51 hadi 300 hulipa 2%, na inayozidi 300 hulipa 1%. Halafu kuna ONEM, ofisi ya taifa ya ajira: mchango wake ni mdogo, lakini nao una mstari wake. Ukijumlisha, fundi anayepokea 989,114 anamgharimu patroni 1,246,000 kabla hata ya ONEM. Patroni anayeajiri kwa mara ya kwanza hushtuka akiona tofauti hiyo, na ni kazi yako kumwonyesha kabla hajasaini mkataba.

Rudia zoezi hili kwa mishahara tofauti: mlinzi, sekretari, meneja anayefika ngazi ya 30%. Kisha mpe mtu karatasi yako na umwambie akuulize. Swali litakalokuja kila mahali ni moja. Fundi anasimama dirishani, kidole kwenye mstari: «Mama, hii elfu makumi ine munakataka kila mwezi, inaendaka wapi?» Usimjibu «ni sheria». Mjibu: «Papa, ni ya CNSS, ni pesa yenu ya uzee. Na patroni naye anaongezaka yake juu. Muende pale na namba yenu, muulize kama miezi yote iko.» Mtu anayemtuma mfanyakazi kuhakikisha miezi yake CNSS ni mtu ambaye kweli amepeleka ile michango.

Hatua ya 5: Ipeleke karatasi hiyo kwenye jarida

Andika sasa kwa debiti (upande wa kushoto) na krediti (upande wa kulia). Debiti 661 kwa 800,000 na 663 kwa 318,000 za posho. Krediti 431 kwa 40,000, krediti 447 kwa 88,886, krediti 422 kwa 989,114. Jumlisha pande zote mbili: 1,118,000 na 1,118,000. Kama kulikuwa na avansi, debiti 422 na krediti 421 kwa 100,000. Kwa mwajiri, debiti 664 na krediti 431 kwa 104,000. Siku ya kulipa, debiti 422 na krediti benki.

Angalia 431 imebeba nini: 40,000 na 104,000, jumla 144,000, ambayo ni 18% ya 800,000. Hicho ndicho kiasi CNSS inachokisubiri. Kama mwisho wa mwezi unaofuata akaunti ya 431 au 447 bado ina deni la zamani, kuna pesa ya watu iliyokatwa na haijapelekwa. Mimi nikikagua hesabu za kampuni yoyote ndogo, hizo ndizo akaunti mbili ninazofungua kwanza.

Hatua ya 6: Jifunze masaa na mahudhurio

Hesabu nzuri juu ya mahudhurio mabovu haina thamani. Wiki ya kisheria ni masaa 45. Ukizidisha kwa wiki 52 na kugawanya kwa miezi 12 unapata masaa 195 kwa mwezi, na huo ndio mgawanyo wa kupata thamani ya saa moja. Fundi wetu: 800,000 gawanya kwa 195 ni kama 4,102.56 FC.

Wiki moja amezidisha masaa 8. Masaa 6 ya kwanza yanaongezwa 30%, yanayofuata 60%, na kazi ya siku ya mapumziko ya wiki 100%. Kwa hiyo 6 mara 4,102.56 mara 1.3 ni 32,000, na 2 mara 4,102.56 mara 1.6 ni 13,128. Anastahili 45,128 FC zaidi, na kiasi hicho, tofauti na usafiri, ni mshahara kamili: kinaingia kwenye CNSS na kwenye kodi.

Wasimamizi wa zamu migodini huandika masaa kwa penseli kwenye karatasi iliyokunjwa mfukoni. Zoea kuikusanya kila wiki na kuisainisha na pande mbili, mfanyakazi na msimamizi wake. Ukisubiri tarehe 28 utapokea kumbukumbu za watu badala ya masaa.

Likizo pia: sheria inatoa angalau siku 1 ya kazi kwa kila mwezi kamili kwa mtu mzima, na siku 1 zaidi kwa kila miaka 5 ya utumishi kwa mwajiri yuleyule. Mikataba ya pamoja mara nyingi hutoa zaidi, kwa hiyo omba nakala ya mkataba wa pamoja siku ya kwanza unapoingia kampuni.

Hatua ya 7: Tengeneza kalenda na uiheshimu

Mshahara hulipwa si zaidi ya siku 6 baada ya mwezi kuisha. Tarehe 15 ya mwezi unaofuata ndiyo siku ya mwisho ya kutangaza na kulipa kodi ya mishahara huko DGI, na siku hiyohiyo ni ya TVA (kodi ya ongezeko la thamani), ambayo ni 16%. CNSS, INPP na ONEM nao wana fomu zao za kila mwezi. Bandika tarehe hizo ukutani. Mtandao, umeme na foleni ya benki vyote huharibika tarehe 14, kila mtu wa kazi hii Lubumbashi analijua hilo, kwa hiyo malizeni tarehe 10.

Kuna jambo la dola. Mikataba mingi mjini imeandikwa kwa dola, lakini kodi na michango hutangazwa kwa faranga. Kila mwezi andika juu ya orodha ya mishahara kiwango ulichotumia, tarehe yake na kimetoka wapi, na utumie kilekile kwa watu wote wa mwezi huo. Bila mstari huo, mkaguzi akija miaka 2 baadaye hutakuwa na la kumjibu.

Kwa kampuni zenye wageni kutoka nje ya nchi kuna kodi nyingine ya ziada inayomwangukia mwajiri, IERE. Si ya kujifunza wiki ya kwanza, ila ujue ipo, maana migodini utaikuta.

Hatua ya 8: Sasa kompyuta

Anza na Excel: kujumlisha, masharti, kutafuta kwenye jedwali, kufunga seli ili mtu asiguse viwango. Jenga orodha ya mishahara ya watu 10 wa kubuni, viwango vyote vikiwa kwenye ukurasa mmoja pembeni, ili sheria ikibadilika ubadilishe mahali pamoja. Kisha Sage au programu nyingine itakuwa ya wiki chache tu, kwa sababu utajua jibu kabla mashine haijalitoa. Kila mwezi chagua wafanyakazi 3 na uwahesabu kwa mkono. Kama mashine na mkono havikubaliani, usilipe kwanza.

Hatua ya 9: Tafuta staji mahali padogo

Vijana wote wanataka staji Gécamines (kampuni ya madini ya Serikali), SNCC (kampuni ya reli) au kwenye mgodi mkubwa. Huko unaweza kukaa miezi ukipanga faili. Nakushauri ofisi ya uhasibu yenye wateja wadogo wengi, shule kubwa, kliniki ya parokia au kampuni ya usafirishaji. Pale utashika mwezi mzima, kutoka karatasi ya mahudhurio mpaka risiti ya benki, na mtu wa kukufundisha yuko meza ya pili.

Nenda na daftari lako la mazoezi, si CV peke yake. Ile karatasi ya fundi, jarida lake, orodha ya Excel ya watu 10. Mkubwa wa ofisi akifungua daftari hilo, mazungumzo yanakuwa ya kazi badala ya kuulizwa umetumwa na nani.

Ukishaingia, linda mambo mawili. La kwanza ni siri. Utajua mshahara wa shemeji yako, wa jirani wa Katuba, wa papa anayekaa benchi moja nawe kanisani, na hakuna hata mmoja atakayeujua wa mwenzake kupitia kwako, hata nyumbani kwenye sherehe, hata kwa utani. La pili ni majina. Siku moja mtu mwenye cheo atakuletea jina la kuongeza kwenye orodha, bila mkataba, bila kitambulisho, bila namba ya CNSS. Omba karatasi hizo kwa upole na kwa maandishi, kila mara, kwa kila mtu. Ukifanya hivyo tangu siku ya kwanza itaonekana ni utaratibu wako, wala hakuna atakayechukulia kama umemtuhumu yeye.

Hatua ya 10: Panda ngazi

Baada ya miaka michache ya kushika mishahara na kufunga hesabu za mwaka, milango inayofunguka ni mkuu wa hesabu, mkaguzi wa ndani, msimamizi wa wafanyakazi. Anayetaka kufika juu kabisa aangalie ONEC, chama cha kitaifa cha wahasibu wataalamu kilichoundwa kwa sheria ya Februari 2015. Bila kuandikwa huko huwezi kufanya kazi ya expert-comptable (mhasibu mtaalamu) kwa jina lako. Njia yake ni ndefu, inadai shahada, staji ya kitaaluma na mitihani, kwa hiyo tunza tangu sasa kila cheti cha kazi, kila barua ya staji na kila relevé (orodha ya alama) ya chuo, nakala zilizothibitishwa kwenye komini, ndani ya faili moja isiyolowa maji. Msimu wa mvua ukianza, nyumba nyingi za komini za Kenya na Katuba huvuja.